Tutazame Pamoja na Wana Wetu

Kila juma, watoto wengi hapa Kongowea huingojea katuni ya Kijapani kama tulivyozingojea ngano za bibi baada ya Isha. Mojawapo ni Kimetsu no Yaiba, ambayo msimu wake wa kwanza wa sehemu 26 ulianza Aprili 2019. Tanjiro, mvulana muuza makaa, arejea nyumbani akute jamaa zake wameuawa na zimwi. Umbu lake Nezuko yu hai, lakini naye amegeuzwa zimwi. Hamtupi: ambeba mgongoni sandukuni, akimtafutia dawa.

Hapo pana udugu, subira na huruma. Pana pia damu nyingi, na mazimwi ya kubuni ambayo mtoto mdogo aweza kuyachanganya na anayofundishwa chuoni juu ya ghaibu.

Kumpokonya simu hakumwondolei shauku. Ataitazama kwa jirani. Wadogo na wangoje wakue. Mkubwa, tuketi naye baada ya sala, kwa dakika ishirini na kitu, kisha tumuulize: lipi hapa dini yetu yalisifu? Lipi ni la uongo? Tusipomuuliza sisi, atajijibu mwenyewe.