Ajenti wa fowadi na ajenti wa bawabu

DESEMBA 13, 2022, Lionel Messi na Julian Alvarez waliwaangamiza Croatia 3-0 kwenye nusu-fainali ya Kombe la Dunia ugani Lusail, Qatar. Siku hiyo hiyo, bawabu Mkenya wa umri wa miaka 24 alikata roho hospitalini. Siku tatu awali alikuwa ameanguka kutoka sehemu ya juu ya uwanja huo huo akiwa kazini, saa chache baada ya Argentina kuwabandua Uholanzi kwa penalti.

Mashabiki wengi hawakusikia habari hizo. Walioketi mbele ya runinga waliona jezi, mabao na fataki. Lakini aliyetazama vizuri langoni aliona vijana wa Kenya, Uganda na Nepal wamevalia sare za ulinzi, wamesimama tangu asubuhi.

Walifikaje huko? Kwa ajenti, kama tu wachezaji.

Hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu kwa mmoja na machungu kwa mwingine. Mchezaji akisaini mkataba, ajenti wake hulipwa kadiri mshahara unavyoingia. FIFA yenyewe ilitunga kanuni, zilizoanza kutumika mnamo 2023, za kumzuia ajenti asichukue zaidi ya asilimia tano ya mshahara wa mteja wake, na asilimia tatu tu kwa pesa zinazozidi dola 200,000 kwa mwaka. Maajenti walikimbia kortini kuipinga na sehemu hiyo ikasimamishwa. Kelele zilikuwa nyingi!

Sasa mpigie bawabu hesabu. Tuseme kijana wa Kakamega amekopa Sh120,000 kulipia ajenti, daktari, paspoti na tiketi. Mshahara wa chini Qatar tangu Machi 2021 ni riyali 1,000 kwa mwezi, takriban Sh33,000 kwa viwango vya 2022. Kwa mkataba wa miaka miwili, hizo Sh120,000 ni kama asilimia 15 ya mapato yake yote. Na ameshazitoa kabla hajapanda ndege. Atafanya kazi karibu miezi minne bila kutuma hata ndururu nyumbani ndipo arudi sufuri, na hapo riba ya aliyemkopesha haijatajwa.

Tena sheria ya kazi ya Qatar inakataza mfanyakazi kutozwa ada ya kuajiriwa. Kila mtu kwenye mnyororo huo anajua. Ndiyo maana ajenti hatoi risiti, au akitoa, anaandika ni "mafunzo".

Kijana akifika na deni hilo mgongoni, hana ubavu wa kubishana. Akiambiwa mkataba aliosaini Nairobi haufanyi kazi na huu hapa mwingine, anasaini. Mnamo Aprili 2022 Amnesty International ilitoa ripoti baada ya kuzungumza na mabawabu 34 wa kampuni nane nchini Qatar. Wengi walisimulia zamu za saa 12, siku saba kwa wiki. Hizo ni saa 84, ilhali sheria ya huko inaruhusu 60 pamoja na ovataimu. Baadhi ya kampuni hizo zililinda mashindano ya FIFA yaliyotangulia fainali zenyewe.

Wapo waliothubutu kusema. Malcolm Bidali, bawabu Mkenya, aliandika mtandaoni kwa jina la bandia kuhusu vyumba vilivyosongamana na maisha ya wenzake. Alikamatwa Mei 2021, akazuiliwa peke yake kwa karibu mwezi mzima, kisha akapigwa faini ya riyali 25,000. Kwa mshahara ule wa chini, hiyo ni miezi 25 ya jasho.

Ili kuwa wa haki, waandalizi wa Qatar waliwabana wanakandarasi wa viwanja warudishe ada kwa makumi ya maelfu ya wafanyakazi, bila kudai risiti. Hatua nzuri, ila iliwagusa zaidi waliokuwa kwenye miradi ya viwanja. Waliojenga barabara na kufagia hoteli wengi walibaki na madeni yao. Amnesty na wenzake waliitaka FIFA itenge dola 440 milioni, sawa na zawadi zote za timu, kuwafidia wafanyakazi. Mnamo Novemba 2024 FIFA ilitangaza hazina ya dola 50 milioni, ikaelekeza pesa hizo kwa mashirika ya kimataifa. Bawabu hakuonja.

Wiki chache baadaye, Desemba 11, Saudi Arabia ikakabidhiwa fainali za 2034. Viwanja ni 15, vingi bado havijajengwa, na maelfu ya Wakenya tayari wako huko kupitia maajenti. Uwanja wa mji mpya wa Neom ulipangwa kukaa mita 350 hivi juu ya ardhi. Huko juu pia watahitajika mabawabu.