Bega la Nguruwe na Pichi: Kazi ya Tunda katika Mlo wa Kusini mwa Marekani

Katika majimbo ya kusini mwa Marekani, kuanzia Virginia hadi Georgia na Alabama, chakula cha Jumapili au cha sikukuu mara nyingi huwa ni nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa moto mdogo kwa saa kadhaa na kuandaliwa pamoja na tunda, ambalo huwa ni pichi, yaani fyulisi, au tufaha, kutegemea msimu na mahali. Mtu aliyezoea kula tunda baada ya chakula anaweza kudhani kwamba tunda hilo limewekwa kwa ajili ya pambo, au kwamba wenyeji wa huko hupenda utamu kupita kiasi. Dhana hiyo si sahihi, kwa kuwa tunda katika chungu hiki lina kazi maalumu ya kukata mafuta, kusawazisha chumvi na kuupa mchuzi uzito, na kazi hiyo hutimia pale tu mpishi anapojua wakati wa kuliingiza chunguni na wakati wa kulizuia. Makala haya yanaeleza asili ya mlo huo, sababu za kila hatua yake, na namna unavyoweza kupikwa nyumbani.

Nguruwe na mti wa pichi si wenyeji wa bara la Amerika. Nguruwe walifikishwa katika visiwa vya Karibi na Christopher Columbus katika safari yake ya pili ya mwaka 1493, na mwaka 1539 Hernando de Soto, kiongozi wa msafara wa Wahispania, aliwashusha Florida ili wawe akiba ya nyama ya watu wake. Mazingira ya huko yalimfaa mnyama huyo kwa sababu hakuhitaji malisho ya kulimwa. Aliachwa azurure msituni akila mbegu za mialoni, mizizi na matunda yaliyoanguka, kisha akakamatwa majira ya baridi akiwa amenona. Pichi, ambalo asili yake ni China, lililetwa na Wahispania katika karne ya 16, na watu wa asili wa Amerika wakalisambaza kwa kasi kubwa, hata walowezi Waingereza waliofika baadaye wakadhani kuwa ni tunda la huko huko. Katika miaka ya 1870 mkulima Samuel Rumph wa Marshallville, Georgia, aliikuza aina iitwayo Elberta, iliyoweza kustahimili safari ndefu ya treni, na tangu hapo pichi likawa zao la biashara na alama ya jimbo hilo, ingawa katika miaka mingi South Carolina huvuna kiasi kikubwa zaidi.

Ukaribu wa nguruwe na tunda mezani ulitokana na kalenda ya shamba. Kabla ya kuwapo majokofu, nguruwe walichinjwa mwishoni mwa majira ya vuli, baridi ilipokwisha kushika, ili nyama isiharibike kabla ya kukolezwa chumvi na kufukizwa moshi. Pichi huiva kiangazi, kwa hiyo lilipokutana na nyama hiyo wakati wa baridi lilikuwa tayari limekaushwa juani, au limehifadhiwa ndani ya siki, sukari, mdalasini na karafuu, hali matufaha ya vuli yalikatwa vipande na kukaushwa, au yalipikwa muda mrefu hadi kuwa rojo nzito. Hapo ndipo ulipopatikana mwonjo ambao mpishi wa leo huutafuta kwa makusudi, yaani chumvi na moshi wa nyama vikikabiliwa na uchachu na utamu wa tunda.

Mikono iliyoujenga upishi huo kwa sehemu kubwa ilikuwa ya Waafrika waliotumikishwa utumwani na ya vizazi vyao, ambao walipika katika jikoni za mabwana na pia katika vibanda vyao wenyewe, mara nyingi kwa vipande vya nyama ambavyo wengine hawakuvitaka. Abby Fisher, aliyezaliwa utumwani South Carolina na ambaye hakujua kusoma wala kuandika, aliwasimulia watu wengine mapishi yake, nayo yakachapishwa San Francisco mwaka 1881 yakiwemo ya achari na ya matunda ya kuhifadhiwa. Edna Lewis, aliyezaliwa mwaka 1916 huko Freetown, Virginia, katika kijiji kilichoanzishwa na watu walioachwa huru, akiwemo babu yake, alichapisha mwaka 1976 kitabu The Taste of Country Cooking, ambacho kilipanga mapishi kwa kufuata misimu ya mwaka na kuonyesha kwamba upishi wa Kusini ni taaluma yenye kanuni zake. Kuusifu mlo huu bila kuwataja wapishi hao ni kuwanyima haki yao.

Kanuni ya kwanza ya taaluma hiyo ni kuchagua sehemu ya nyama inayolingana na namna ya kupika. Bega la nguruwe hufanya kazi muda wote mnyama anapotembea, kwa hiyo lina misuli migumu, tabaka za mafuta na wingi wa kolajeni, yaani protini inayozifunga nyuzi za nyama pamoja. Joto la ndani linapozidi takriban nyuzi 70 za Selsiasi, kolajeni hugeuka polepole kuwa jelatini, kitu laini kinachoteleza na kushika maji, lakini mageuzi hayo huhitaji saa kadhaa, na ndiyo sababu bega hupikwa hadi joto la ndani lifike kati ya nyuzi 90 na 95. Nyama ya mgongo, yenye mafuta machache na kolajeni kidogo, ikipikwa hivyo hukauka, kwa hiyo hukatwa vipande vinene na kukaangwa kwa muda mfupi. Mpishi anayetaka kulisha watu wengi kwa gharama nafuu hufanya vyema kuchagua bega lenye mfupa.

Kanuni ya pili ni chumvi ya mapema. Chumvi iliyopakwa juu ya nyama usiku wa kuamkia siku ya kupika hupata muda wa kupenya ndani na kulegeza baadhi ya protini, nazo hushika maji zaidi wakati wa kupikwa. Kanuni ya tatu ni kuikausha nyama kwa kitambaa safi na kuigeuza rangi katika mafuta ya moto kabla ya kuongeza maji yoyote. Rangi ya kahawia inayotokea hapo ni matokeo ya mmenyuko wa Maillard, uliopewa jina la mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard aliyeueleza mwaka 1912, ambapo asidi za amino zilizomo katika protini huungana na sukari chini ya joto kali na kuzaa ladha na harufu ya nyama ya kuchoma. Nyama yenye majimaji haiwezi kufikia joto hilo mpaka maji yote yakauke, na mpishi mwenye haraka huishia kuichemsha badala ya kuikaanga.

Kanuni ya nne inahusu tunda lenyewe. Pichi na tufaha yana asidi ya maliki, ambayo ikisaidiwa na siki hupunguza hali ya mafuta kutanda mdomoni na kuchochea mate, hivyo mlaji humaliza sahani bila kukinai. Sukari ya tunda hupunguza ukali wa chumvi na wa siki, na pektini, ambayo ni nyuzi laini za tunda zinazogandisha jamu, husaidia kuufanya mchuzi uwe mzito bila kutiwa unga. Hata hivyo, tunda bichi likipikwa pamoja na nyama tangu mwanzo husagika na kupotea, na harufu yake, ambayo ni mvuke mwepesi, huondoka yote. Sukari nayo, hasa ile ya matunda, huanza kuungua katika joto dogo kuliko inavyodhaniwa na kuacha uchungu chini ya chungu. Kwa sababu hizo wapishi wazoefu hugawa kazi hiyo mara mbili: siki na tunda lililokaushwa huingia mwanzoni ili kujenga msingi wa mchuzi, na tunda bichi huingia katika dakika 30 za mwisho.

Kwa watu 8 linatosha bega lenye mfupa la kilo 2.5, lililopakwa gramu 35 za chumvi, vijiko 2 vya chai vya pilipili manga na kijiko 1 cha chai cha unga wa haradali, kisha likahifadhiwa ndani ya jokofu usiku kucha. Siku ya pili nyama hugeuzwa rangi pande zote na kutolewa, halafu vitunguu maji 3 vilivyokatwa hukaangwa katika mafuta yaliyobaki hadi vilainike, kisha hutiwa punje 4 za kitunguu saumu, mililita 120 za siki ya tufaha, nusu lita ya supu, kipande cha mdalasini na gramu 100 za matufaha au mapichi makavu. Nyama hurudishwa, chungu hufunikwa barabara, nacho huwekwa katika oveni yenye joto la nyuzi 150 kwa takriban saa 3 na nusu. Asiye na oveni anaweza kutumia sufuria nzito juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, akapalia makaa machache juu ya mfuniko kama afanyavyo mpishi wa wali. Nyama ikishaachia mfupa, mafuta yaliyoelea huenguliwa, mapichi 6 yaliyoiva lakini bado magumu hutolewa kokwa, hukatwa nusu na kupangwa kuizunguka, na chungu huachwa bila mfuniko kwa nusu saa. Baada ya hapo nyama hupumzishwa dakika 20 kabla ya kukatwa.

Suala la usalama halipaswi kupuuzwa. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilipunguza mwaka 2011 kiwango cha joto la ndani kwa vipande vizima vya nguruwe kutoka nyuzi 71 hadi 63, pamoja na mapumziko ya dakika 3, lakini mahali ambapo nguruwe huachwa wazurure na nyama haikaguliwi ipasavyo, hatari ya tegu wa nguruwe bado ipo, na malengelenge yake katika nyama huuawa kwa kuipika hadi ndani kabisa. Bega lililopikwa kwa utaratibu ulioelezwa hapa huvuka kiwango hicho kwa mbali. Hata hivyo, kununua nyama yenye muhuri wa mkaguzi hubaki kuwa wajibu wa kila mpishi.

Vyakula vinavyoambatana na bega hilo vinaonyesha jinsi Afrika ilivyo karibu na meza ya Kusini. Majani yanayopikwa huko pamoja na mfupa wa nguruwe uliofukizwa moshi ni yale yale yanayoitwa sukuma wiki Afrika Mashariki, ila huachwa motoni kwa saa nzima au zaidi, na maji yake hunywewa kama supu, au mkate wa mahindi huchovywa humo. Kunde, zao lililoanza kulimwa Afrika na kuvushwa bahari ya Atlantiki katika zama za biashara ya utumwa, hupikwa na wali na kuliwa hasa siku ya Mwaka Mpya. Familia za wasemaji wa Kiswahili zilizohamia Kentucky au Texas hukuta sokoni mahitaji haya yote kwa bei ya kawaida.

Anayepika Tanzania anaweza kutumia mapichi ya Lushoto au Njombe, na yasipopatikana, maembe yaliyoanza kuiva hufaa kwa sababu yana uchachu wa kutosha. Nanasi bichi na papai bichi vina vimeng'enya vinavyovunja protini, na nyama ikilowekwa humo usiku kucha huwa kama uji kwa nje, kwa hiyo visichanganywe na nyama mapema. Msomaji ambaye dini au mila yake haimruhusu kula nguruwe anaweza kuzitumia kanuni hizi kwa bega la mbuzi au la ng'ombe, kwani kolajeni hulainika kwa namna ile ile. Yeyote anayetaka kuanza na achague bega lenye mfupa, aipe chumvi muda wa usiku mzima, aridhike na moto mdogo, na tunda bichi aliweke mwisho.