Nauli za reli Uingereza: Kwa nini tiketi mbili ni rahisi kuliko moja

MWAKA 2024 kampuni ya reli ya Northern, kaskazini mwa England, ilitishia kumfikisha mahakamani abiria kijana kwa sababu ya upungufu wa paundi 1.90. Abiria huyo alikuwa na tiketi ya kutoka Broad Green, Liverpool, kwenda Wigan, pamoja na kadi halali ya vijana ya punguzo la nauli. Kosa lake ni kutumia kadi hiyo kabla ya saa 4 asubuhi, muda ambao haikubaliki kwa nauli iliyo chini ya paundi 12. Baada ya malalamiko ya umma, kampuni iliachana na shauri hilo.

Kwa kanuni hiyo, asubuhi ya siku ya kazi anayekwenda mbali hupata punguzo, lakini anayekwenda karibu hulikosa. Huo ni mfano mmoja tu wa bei zisizolingana katika reli za nchi hiyo.

Bei hupangwaje?

Nchini Tanzania hesabu ni nyepesi. Nauli za reli ya kisasa zilizotangazwa na LATRA mwaka 2024 kwa daraja la kawaida ni shilingi 13,000 kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na shilingi 31,000 hadi Dodoma. Zote mbili zinakaribia shilingi 70 kwa kilomita. Aliyekata tiketi ya karibu na aliyekata ya mbali wanapimwa kwa mizani moja.

Uingereza iliacha mizani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1960, wakati shirika la umma la British Rail lilipoanza kutoza kulingana na uwezo wa soko la kila njia. Sheria ya mwaka 1993 ilifungua mlango wa ubinafsishaji, na kazi ya kupanga nauli ikagawanywa: kwa kila jozi ya vituo, kampuni moja ndiyo inayoongoza katika kuweka bei. Kufikia mwaka 2019 chama cha kampuni hizo kilikadiria kuwa kulikuwa na nauli tofauti zipatazo milioni 55.

Si kila tofauti ni dhuluma. Mwaka 2024 abiria wa kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow kwenda London alilipa paundi 25 kwa treni ya Heathrow Express, paundi 12.80 kwa njia ya Elizabeth, au paundi 5.60 kwa njia ya Piccadilly. Treni ya kwanza hufika Paddington kwa dakika 15. Ya mwisho hutumia karibu saa nzima kufika katikati ya jiji. Hapo mteja ananunua muda.

Tatizo ni pale bidhaa inapokuwa ileile. Mfano unaojulikana sana ni kituo cha Didcot, katika njia ya London hadi Bristol. Kwa miaka mingi abiria wa saa za msongamano aliweza kukata tiketi ya London hadi Didcot na nyingine ya Didcot hadi Bristol, akalipa pungufu ya tiketi moja ya moja kwa moja. Treni ni ileile na hahitaji kuinuka kitini. Sharti ni treni isimame kituoni hapo.

Pengo lisilozibika

Mfanyabiashara atauliza: kwa nini soko halisawazishi bei hizo? Mahindi yakiwa rahisi Iringa na ghali Dar es Salaam, wachuuzi hununua huku na kuuza kule mpaka pengo linapungua. Tiketi ya treni hairuhusiwi kuuzwa tena, kwa hiyo hakuna mchuuzi wa kuziba pengo. Anayefaidika ni mwenye habari. Asiyejua hulipa bei kamili.

Udhibiti wa serikali nao haujaondoa tofauti hizo, kwa kuwa unaweka kikomo cha ongezeko na hauangalii uwiano wa bei zenyewe. Machi 2025 nauli zinazodhibitiwa England zilipanda kwa asilimia 4.6. Chukua nauli mbili, ya paundi 10 na ya paundi 14, kwa umbali ulio sawa. Baada ya ongezeko hilo pengo la paundi 4 linakuwa paundi 4.18. Novemba 2025 serikali ilitangaza kuwa nauli hizo hazitapanda hadi Machi 2027. Hatua hiyo ni nafuu kwa abiria, lakini imeyagandisha mapengo yaleyale.

La kuangalia

Mapengo hayo yamezaa biashara. Kampuni ya Trainline, iliyoingia katika Soko la Hisa la London mwaka 2019, ilianza mwaka 2020 kuwatafutia wateja tiketi za kugawanya safari. Januari 2025, serikali ilipotangaza mpango wa kuwa na duka lake la tiketi kwenye intaneti, bei ya hisa za kampuni hiyo iliporomoka.

Mwekezaji mdogo azingatie hilo. Faida inayotokana na bei zilizovurugika hudumu hadi mwenye bei aamue kuzinyoosha, na uamuzi huo hauko mikononi mwa mwenye hisa.