Aliyepuliza kipenga ni nani?

Machi 2009 Kenya iliifunga Fiji 26-7 hapa Dubai, katika robo fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba. Nusu fainali tukatolewa na Argentina, lakini Wakenya waliokuwepo uwanjani bado wanawataja Humphrey Kayange na Collins Injera kana kwamba mechi ilichezwa jana. Sasa muulize mmoja wao: siku ile mwamuzi alikuwa nani? Utaona anakuna kichwa.

Swali hilo alinirushia mdogo wangu, na ni yeye aliyenifanya niandike makala haya. Ni karani wa mizigo kwenye gati la Deira Creek, pale majahazi ya mbao yanapofungwa ubavu kwa ubavu, na friji, matairi na magunia ya mchele yamerundikwa kando ya maji yakingoja kupelekwa Somalia, Yemen na Iran. (Zamani majahazi ya Ghuba yalirudi na upepo wa kusi yakiwa yamebeba boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji, na nyumba za kale za hapa ziliezekwa kwa boriti hizo. Siku hizi mtu wa kwetu anayefika gatini huja kwa ndege, kwa viza ya kazi.) Nyumbani Kenya mdogo wangu alikuwa wingi mwenye mbio, mpaka kano ya goti ilipokatika. Alipofika huku alijifunza uamuzi, na wikendi huchezesha mechi za watoto bila malipo ya maana.

Mwezi uliopita ofisi yao ilimpa nafasi ya usimamizi. Mshahara unapanda, ila zamu ni Jumamosi na Jumapili, siku zile zile za mechi. Mama, kutoka Kakamega, alisema kwa simu bila kuvuta pumzi: "Mwanangu, chukua. Filimbi hailipi karo ya mtu." Naye akanigeukia mimi: "Dada, wewe umesoma. Niambie, hii njia ina mwisho gani?"

Mimi ni muuguzi. Nilianza na stashahada, nikafanya zamu za usiku miaka kadhaa, ndipo nikapata shahada ng'ambo. Kwa hiyo nilipoanza kusoma maisha ya waamuzi wakubwa nilitaka kujua mambo mawili tu: walianzia wapi, na walikula nini wakingoja.

Nigel Owens wa Wales alianza kwa aibu. Akiwa shuleni alikosa mkwaju rahisi mbele ya milingoti, na mwalimu wake akamshauri aende akawe mwamuzi. Mwaka 2015 ndiye aliyechezesha fainali ya Kombe la Dunia, na mwaka 2020 akawa mwamuzi wa kwanza duniani kufikisha mechi 100 za kimataifa. Wayne Barnes wa Uingereza alishika kipenga akiwa na miaka 15, akasomea sheria, na hata alipokuwa mwamuzi wa kulipwa hakuuacha uwakili. Joy Neville wa Ireland ndiye aliyemfanya mdogo wangu akae wima kitini. Alistaafu kucheza mwaka 2013, akaanza uamuzi mwaka huohuo, na Agosti 2017 alichezesha fainali ya Kombe la Dunia la wanawake kule Belfast. Miaka minne! Aimee Barrett-Theron wa Afrika Kusini alichezesha kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Katika michezo hiyo hiyo fainali ya wanaume ilikuwa mikononi mwa Rasta Rasivhenge, naye wa Afrika Kusini.

Upande wa Afrika, utagundua majina makubwa yanatoka kusini. André Watson alichezesha fainali mbili za Kombe la Dunia, 1999 na 2003. Craig Joubert ile ya 2011. Kwetu Afrika Mashariki wapo watu kama Peris Mukoko wa Kenya na Saudah Adiru wa Uganda ambao wamechezesha mechi za kimataifa, lakini bado hatujamwona mtu wetu na kipenga kwenye Kombe la Dunia la wanaume la wachezaji 15. Kwa maoni yangu tatizo si akili wala miguu. Mwamuzi hukomazwa na mechi ngumu nyingi, kila moja ikiwa na mtu pembeni anayemkagua na kumwandikia alama, na mechi za namna hiyo kwetu ni chache. Hata muuguzi hawezi kujifunza kuzalisha kwenye wodi isiyo na wajawazito.

Tena kuna matusi. Mwaka 2007 Barnes hakuiona pasi ya mbele iliyoisaidia Ufaransa kuitoa New Zealand, akatukanwa na nchi nzima. Mwaka 2023 alichezesha fainali ya Paris, Afrika Kusini ikashinda 12-11 na nahodha wa New Zealand akala kadi nyekundu. Siku chache baadaye akastaafu, huku akieleza vitisho ambavyo yeye na familia yake walikuwa wakipokea. Haya nilimsomea mdogo wangu polepole. Akacheka: "Dada, hujawahi kusikia manahodha wakihesabiwa mizigo yao."

Jambo lililonigusa mimi kama muuguzi ni hili. Katika raga ya watoto na ya ridhaa, mwamuzi akishuku mchezaji amepata mtikisiko wa ubongo, anamtoa, na mchezaji huyo harudi siku hiyo, hata baba yake apige kelele namna gani. Nimewahudumia vijana walioumia kichwa na kuambiwa "jikaze". Kijana aliyepigwa mara ya pili kabla ubongo haujapona yumo hatarini kweli, na mara nyingi mtu wa kwanza anayeweza kulizuia hilo ni yule mwenye kipenga. Mwezi jana mdogo wangu alimtoa mtoto wa miaka 11 aliyekuwa ameanza kuelekea upande usio wake. Mzazi alimwita majina yote. Hakumrudisha.

Kama nyumbani kwako kuna kijana aliyeacha kucheza kwa jeraha au kwa umbo, World Rugby ina masomo ya sheria za mchezo, ya usalama na ya mtikisiko wa ubongo kwenye mtandao, bure, na unapata cheti. Baada ya hapo atafute klabu iliyo karibu aombe mechi za watoto. Waamuzi hawatoshi karibu kila mahali. Asiache kazi wala masomo. Hakuna hata mmoja niliyemsoma aliyeanza na mshahara wa kipenga.

Mdogo wangu hajakataa cheo wala hajakubali. Ameandika barua akiomba asifanye zamu Jumamosi asubuhi, na badala yake achukue usiku mbili katikati ya wiki, wakati majahazi mengine hupakiwa. Mama hajaambiwa. Mkubwa wake bado anaifikiria barua, na Jumamosi hii kuna mechi tatu za watoto, saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijakali. Nimeambiwa nibebe barafu.