Je, Kama Lennox-Boyd Angebaki Waziri wa Makoloni?



Wapo wanaosema Mwingereza alitupa uhuru kwa hisani yake, na wapo wanaosema wanasiasa wa London walikuwa kitu kimoja, hakuna wa afadhali. Hebu tuzipime kauli hizi kwa swali moja: ingekuwaje kama Oktoba 1959, baada ya kushinda uchaguzi, Harold Macmillan asingemteua Iain Macleod, bali angemwacha Alan Lennox-Boyd aendelee na Wizara ya Makoloni?

Swali hili si porojo. Januari 1959 Lennox-Boyd alikutana na magavana wa Afrika Mashariki pale Chequers. Tarehe walizozifikiria zilikuwa hizi: Tanganyika 1970, Kenya na Uganda 1975. Ndiyo, 1975! Machi 3 mwaka huo huo wafungwa 11 wakauawa kwa kipigo katika kambi ya Hola, Kenya. Lennox-Boyd alitaka kujiuzulu, Macmillan akakataa.

Kwa maoni yangu, Tanganyika isingechelewa sana. Gavana Turnbull mwenyewe alikuwa akiionya London kwamba kuizuia TANU kwa nguvu hakuwezekani. Agosti 1960 TANU ikazoa viti 70 kati ya 71, na jirani Congo ilikwishajitawala tangu Juni 30. Waziri gani angewaambia watu wasubiri miaka kumi mingine?

Kenya ni habari nyingine kabisa. Walowezi walikuwa na marafiki wakubwa London, na Kenyatta alikuwa bado amezuiliwa. Hapo mtu mmoja alikuwa na uzito. Mapema 1960, kwenye mkutano wa Lancaster House, Macleod alikubali Waafrika wawe wengi katika Baraza la Kutunga Sheria. Michael Blundell, kiongozi wa walowezi aliyeukubali mpango huo, aliporudi Nairobi alitupiwa miguuni sarafu 30, kama za Yuda! Chini ya Lennox-Boyd sidhani mambo yangefika huko. Ningetegemea miaka kadhaa zaidi ya vizuizi, na pengine vijana kurudi msituni.

Kwa hiyo, wananchi ndio waliodai uhuru na wangeupata tu. Alichobadilisha waziri ni tarehe. Lakini kwa Kenya, tarehe hiyo ilikuwa na maana ya roho za watu, na ndiyo sababu siwezi kukubali kwamba wote walikuwa kitu kimoja.

Naomba kutoa hoja.