Rangi Juu ya Maji

Asubuhi moja hapa Same wanafunzi wangu wawili waliingia chuoni wakibishana. Mmoja alileta maji katika dumu lililokuwa la mafuta ya taa, na juu ya maji hayo zilicheza rangi za upinde wa mvua. Huyu asema, "Ni uzuri tu, tunywe." Yule asema, "Ni sumu, tumwage." Na huku bondeni, chini ya milima ya Upare, nchi ni kavu, maji hayamwagwi ovyo.

Basi niliwaeleza hivi. Mafuta hutanda juu ya maji utando mwembamba kuliko unywele. Nuru ikiupiga, sehemu hurudi kutoka juu ya utando, na sehemu hupenya, ikarudi kutoka chini yake. Nuru ni mawimbi. Mawimbi ya rangi moja yakikutana yanapanda pamoja, rangi hiyo hung'aa. Moja likipanda na jingine likishuka, rangi hiyo hufifia. Na kwa kuwa unene wa utando haulingani, kila mahali hupata rangi yake.

Tena kila kitu hupunguza mwendo wa nuru kwa kipimo chake. Kipimo cha maji ni 1.33, kwa hiyo ndani ya maji wimbi hufupika likabaki robo tatu. Mistari ya nuru iliyoachana milimita 4 hewani, ndani ya maji itaachana milimita 3. Mafuta ya taa, yenye kipimo kama 1.44, hulifupisha zaidi.

Habari ya kupinda kwa nuru si ngeni kwetu. Ibn Sahl wa Baghdad aliandika kanuni yake yapata 984, na Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, akaichunguza nuru katika Kitab al-Manazir. Habari ya mawimbi kukutana aliithibitisha Mwingereza Thomas Young mwanzoni mwa karne ya 19.

Hukumu ikawa hii: rangi ile si ya maji, ni ya nuru, lakini ni shahidi kwamba mafuta yapo. Hatukunywa, wala hatukumwaga. Tulikandia udongo wa ukuta.

Nanyi vijana, mkiona rangi hizo kwenye maji yaliyotuama, gusieni kijiti. Utando ukivunjika vipande vipande, mara nyingi ni kazi ya vijidudu vya chuma; ukirudi kuungana, ni mafuta. Vyovyote iwavyo, uzuri wa rangi si dalili ya usafi.