Uzi: Shosho anasahau, miguu inamchoma. Tuulize nani?

1/ Kwa mikutano ya Meru na Embu utasikia mmoja akisema, "Kaunti imeua hospitali!" Mwingine anajibu, "Ni SHA!" Wacha tupange haya maneno.

2/ Kwanza ugonjwa. Kisukari kisipodhibitiwa huharibu neva: miguu inachoma, baadaye inakufa ganzi. Kiharusi kinaweza kuacha maumivu na usahaulifu. Ukosefu wa vitamini B12 pia unaweza kuleta yote mawili, na ukigunduliwa mapema unatibika. Kwa hivyo kabla useme "ni uzee tu" ama "amerogwa", mpeleke apimwe.

3/ Magonjwa mengi ya aina hii hayaishi kwa sindano moja. Yanataka vipimo na dawa kila mwezi.

4/ Katiba ya 2010, Jedwali la Nne: hospitali na famasia za kaunti ziko chini ya kaunti. Hapo ndipo Level 5 ya Meru na ya Embu ziko. Sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa ni za serikali kuu.

5/ SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Sheria yake ya 2023 iliunda pia hazina ya magonjwa sugu, na pesa zake hutengwa na Bunge.

6/ Basi dawa zikiisha Level 5, uliza gavana na MCA. Hazina ikikosa pesa, uliza mbunge. Na akikuahidi jengo jipya, muulize: dawa za shosho za mwezi ujao ziko kwa bajeti gani?